Emily Ruete

Emily Ruete (jina la kuzaliwa: Sayyida Salme binti Said, Unguja, 30 Agosti 1844 – Jena, Ujerumani, 29 Februari 1924) alikuwa binti wa Said bin Sultan, Sultani wa Omani na Zanzibar. Anajulikana hasa kwa sababu mbili: kutoroka kwake Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara Mjerumani, na kitabu cha kumbukumbu zake alichokitoa Berlin mwaka 1886.

Sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa sana ni miaka 25 aliyokaa kwenye pwani ya Mediteranea, kwanza Jaffa na baadaye Beirut, baada ya kuihama Ujerumani kwa hiari yake. Watu wengi hudhani kwamba binti huyu wa mfalme aliondoka Unguja akaishi Ulaya mpaka akafa. Ukihesabu miaka utaona sivyo. Aliishi Unguja miaka 22, Ujerumani miaka 21, kando ya Mediteranea miaka 25, na ndipo akarudi Ujerumani kwa miaka 10 ya mwisho, tena kwa kulazimishwa na mazingira.

Utoto

Salme alizaliwa katika jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja, mahali ambapo baba yake alipenda kukaa kuliko mjini. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi kutoka nchi za Kaukazi. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wa nyumba ni huru na ana haki sawa na watoto wa mke wa ndoa, kwa hiyo Salme alikuwa binti kamili wa Sultani. Baba alipofariki, watoto wake waliokuwa hai walikuwa 36.

Pale Mtoni zilisikika lugha nyingi, kwa kuwa masuria na watumishi walitoka Uajemi, Uhabeshi, Unubi, Kaukazi na bara la Afrika. Salme alikua akizungumza Kiarabu na Kiswahili. Mwaka 1851 yeye na mama yake walihamia Bet il Watoro, nyumba ya kaka yake Majid. Huyo ndiye aliyemfundisha kupanda farasi na kupiga shabaha. Baadaye walihamia Bet il Tani.

Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumika kama ubao wa shule siku zile. Jambo hilo dogo liliamua mengi katika maisha yake. Ndilo lililomwingiza katika siasa alipokuwa na umri wa miaka 15, na ndilo lililompatia riziki ugenini.

Kifo cha baba na ugomvi wa ndugu

Said bin Sultan alifariki baharini karibu na Shelisheli mnamo Oktoba 1856, akiwa njiani kurudi Unguja kutoka Omani. Salme alihesabiwa kuwa mtu mzima akiwa na miaka 12, akapewa urithi wake wa shamba na fedha. Dola iligawanyika: Thuwaini alitawala Omani, na Majid Zanzibar. Mwaka 1859 mama yake alikufa kwa kipindupindu, na Salme akabaki yatima.

Mwaka huohuo ndugu mwingine, Barghash, alitaka kumwondoa Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash na alimvuta Salme. Kwa kuwa aliweza kuandika, akawa katibu wa waasi, akiandika barua za siri za kutafuta wafuasi na silaha. Uasi ulizimwa kwa msaada wa manowari ya Waingereza. Barghash alipelekwa Bombay kwa muda wa miaka miwili, na Salme akajitenga katika shamba lake la Kizimbani.

Alikaa pia Bububu, kando ya bahari, katika nyumba aliyoipenda sana. Majid alimwomba aiache ili balozi mdogo wa Uingereza aitumie. Salme alikubali, nao wakapatana. Kwa kupatana na Majid, hata hivyo, aliwaudhi waliokuwa wenzake katika uasi. Barghash hakumsamehe kamwe, na chuki hiyo ilikuja kumgharimu miaka 25 baadaye.

Kutoroka

Baada ya kuiacha Bububu Salme alihamia mjini. Jirani yake alikuwa Rudolph Heinrich Ruete (1839–1870), kijana wa Hamburg aliyefanya kazi za biashara. Zanzibar ya wakati ule ilikuwa na nyumba kadhaa za biashara za Hamburg zilizonunua karafuu, pembe za ndovu, ngozi na kauri. Mapaa ya nyumba za Mji Mkongwe yako karibukaribu, na urafiki ulianza hapo. Mwaka 1866 Salme alikuwa mjamzito. Kwa binti wa Sultani, mimba nje ya ndoa, tena ya mtu asiye Mwislamu, ilihatarisha maisha.

Mnamo Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza Highflyer, iliyoongozwa na Kapteni Pasley, mpaka Aden. Ruete alibaki Unguja kwa miezi kadhaa kumaliza shughuli zake, na Majid hakumdhuru. Huko Aden Salme alijifungua mtoto wa kiume mnamo Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Ruete kwa taratibu za Kanisa la Anglikana. Walisafiri kwenda Ulaya mara moja. Mtoto alikufa njiani, katika nchi ya Ufaransa.

Ujerumani

Huko Hamburg walizaliwa watoto watatu: Antonie Thawka (1868), Rudolph Said (1869) na Rosalie Ghuza (1870). Kila mmoja alipewa jina la pili la Kiarabu.

Tarehe 6 Agosti 1870 Heinrich Ruete alikufa kutokana na ajali ya tramu. Rosalie hakuwa ametimiza miezi minne. Miezi miwili baadaye, Oktoba 1870, Sultani Majid alifariki Unguja na Barghash akashika utawala. Hivyo katika mwaka mmoja Emily aliondokewa na mume aliyemleta ugenini na kaka ambaye angeweza kumpokea nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kilichofuata ni miaka 18 ya kuhamahama. Kwa sheria za Hamburg za wakati ule mjane hakuwa na uhuru kamili juu ya mali. Palikuwa na wasimamizi wanaume wa kuamua pamoja naye. Mali ilipungua. Alihama kutoka Hamburg kwenda Dresden, kisha Rudolstadt, mji mdogo ambako maisha yalikuwa nafuu, kisha Berlin. Aliwafundisha Wajerumani Kiarabu ili kulea watoto wake.

Katika barua alizoziandika kuhusu miaka hiyo, ambazo hazikuchapishwa akiwa hai, anaeleza baridi, giza la majira ya baridi, na upweke wa mtu anayeishi kati ya watu asioweza kuzungumza nao mambo yaliyo moyoni. Ni vigumu kwa msomaji wa Afrika Mashariki kulielewa jambo hili bila tarakimu. Wastani wa joto la Unguja ni kama sentigredi 26, na haubadiliki sana mwaka mzima. Hamburg mwezi Januari ni karibu na sifuri, na jua huzama saa kumi jioni. Hata wakazi wa Musoma, ambao upepo wa Ziwa Viktoria huwapatia usiku wenye ubaridi, hawajui hali ya namna hiyo.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba tatizo lake kubwa lilikuwa hali ya hewa. Tatizo lilikuwa fedha na haki. Ndugu zake kadhaa walikuwa wamekufa Unguja, na alidai sehemu yake ya mirathi. Barghash alikataa kwa hoja kwamba aliyeuacha Uislamu harithi kwa Waislamu. Kwa upande wa sheria ya mirathi hoja hiyo ina msingi, kwani tofauti ya dini huzuia urithi. Lakini wengi wameona kwamba uchungu wa mwaka 1859 ulikuwa na nguvu zaidi kuliko sheria.

Mwaka 1875 Barghash alitembelea London. Emily alijifunza Kiingereza, akavuka bahari ili aonane naye. Maofisa wa Uingereza, akiwemo Sir Bartle Frere, walimzuia. Walimwahidi kwamba akiacha nia hiyo, watoto wake wangesaidiwa. Aliacha, na ahadi haikutimizwa.

Safari mbili za kurudi

Mwaka 1885 Ujerumani ilianza kujitafutia makoloni Afrika Mashariki. Carl Peters alikuwa ameleta mikataba ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, na Barghash alipinga. Chansela Otto von Bismarck alituma manowari, na aliona faida ya kuwa na dada wa Sultani ambaye ni raia wa Ujerumani na ana madai halali au yanayofanana na halali. Mnamo Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani. Emily alifika pamoja na watoto wake kwa meli ya Adler.

Baada ya miaka 19 aliiona tena Unguja. Kwa masimulizi yake mwenyewe, watu wengi walimwamkia mitaani kwa Kiarabu na Kiswahili. Barghash hakumpokea. Sultani alilazimika kuikubali mikataba ya bara, na Wajerumani walipopata walichotaka, madai ya Emily yaliwekwa kando. Alikuwa karata tu mkononi mwa Bismarck. Kutokana na mikataba hiyo na ile iliyofuata, nchi yote kuanzia mpakani mwa pwani hadi Ziwa Viktoria, pamoja na Mkoa wa Mara wa leo, iliingia chini ya Wajerumani. Yeye aliondoka mikono mitupu.

Barghash alifariki Machi 1888, na ndugu yao Khalifa bin Said akatawala. Emily alijaribu mara ya pili, akaenda Unguja mwaka huohuo pamoja na Rosalie. Khalifa naye alikataa. Safari hii hata serikali ya Ujerumani haikuwa na haja naye. Alipokuwa pale, vita vya Abushiri dhidi ya kampuni ya Kijerumani vilianza upande wa pili wa bahari, Pangani. Mnamo Oktoba 1888 aliondoka Unguja na hakuiona tena.

Jaffa na Beirut

Hapa ndipo alipofanya uamuzi ambao waandishi wengi huupita kwa sentensi moja. Hakurudi Ujerumani. Watoto wake walikuwa wamekua: binti mkubwa alikuwa na miaka 20, mdogo miaka 18, na kijana wake alikuwa akifuata njia ya uafisa wa jeshi. Hakukuwa tena na sababu ya shule ya kumfunga Berlin. Alikuwa na miaka 44, na alitafuta mahali pa kuzeekea.

Alienda Jaffa, mji wa bandari wa Palestina uliokuwa chini ya Dola la Osmani, akakaa katika nchi hiyo mpaka 1892. Jaffa ilikuwa na masoko ya Kiarabu, mashamba ya michungwa, na walowezi Wajerumani wa jumuiya ya Templer waliokuwa wamefika tangu 1869. Mwaka 1892 alihamia Beirut, na huko alikaa miaka 22.

Kwa nini Beirut? Ukitazama ramani na historia ya mji ule sababu zinaonekana. Kwanza, lugha. Kiarabu cha Syria si Kiarabu cha Omani, na mtu wa Unguja husikia tofauti mara moja, lakini ni lugha ileile ya sala za utotoni na ya herufi alizojifunza kwa siri. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa amekisema Kiarabu kwa wanafunzi wake tu. Sasa angeweza kununua samaki kwa Kiarabu.

Pili, dini. Mtu aliyeuacha Uislamu asingeweza kuishi kwa raha katika kila mji wa Waarabu. Beirut ilikuwa na Waislamu wa Sunni na Shia, Wadruzi, Wamaroni, Waorthodoksi na Waprotestanti waliochanganyika sokoni na bandarini, na wageni wa Ulaya walikuwa wengi kiasi kwamba mjane Mkristo mwenye jina la Kijerumani na uso wa Mashariki hakuwa kioja. Kulikuwa na chuo cha Wamarekani kilichoanzishwa 1866, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, na Wajerumani walikuwa na hospitali yao na shule ya masista wa Kiprotestanti.

Tatu, mawasiliano. Mwaka 1888 Beirut ilifanywa makao makuu ya mkoa wa Osmani, bandari ikapanuliwa, na mwaka 1895 reli ya kwenda Damasko ikafunguliwa. Kuanzia 1900 Wajerumani walikuwa na ofisi yao ya posta mjini humo. Kwa mama ambaye watoto wake walitawanyika duniani jambo hili halikuwa dogo. Antonie aliolewa mwaka 1898 na Eugen Brandeis, ofisa wa serikali ya kikoloni, akaenda naye Visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki. Rosalie aliolewa na Martin Troemer, ofisa wa jeshi la Prussia. Rudolph baada ya kuacha jeshi alifanya kazi Misri.

Nne, bahari na joto. Beirut si nchi ya joto kama Unguja. Hakuna minazi wala karafuu, na mwezi Januari wastani ni kama sentigredi 13 au 14, pamoja na mvua nyingi. Lakini majira ya joto ni marefu, nyumba zina ua na baraza, na dirisha likifunguliwa huingia upepo wa chumvi. Theluji ipo, ila iko juu ya milima ya Lebanoni. Mkazi wa mjini huitazama kwa mbali tu. Ukimweka mtu wa Unguja kati ya Hamburg na Beirut, na Unguja yenyewe imefungwa, atachagua Beirut.

Pengine tofauti kubwa na miaka ya Ujerumani ni kwamba kule Beirut hakuna aliyemtumia. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Uingereza ilipata ulinzi juu ya Unguja na Pemba; Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland na kuhakikishiwa bara. Kuanzia siku hiyo Berlin haikuwa na sababu yoyote ya kumpigania binti wa Said bin Sultan. Mirathi yake ikawa jambo la mjane mmoja na si la dola.

Hakupewa chochote na Zanzibar katika miaka yote ya Beirut. Mstaafu yeyote anayeijua shida ya kufuatilia haki yake kwa barua ataelewa maana ya miaka 30 ya madai yasiyojibiwa.

Aliendelea kuandika. Kutoka kipindi hiki yamebaki maelezo yake juu ya desturi za watu wa Syria. Inafaa kulitafakari jambo hilo: aliyewaeleza Wajerumani desturi za Unguja sasa aliwaeleza desturi za Syria, akiwa mgeni katika nchi ya lugha yake mwenyewe. Maandishi hayo hayana umaarufu wa kitabu cha 1886 kwa sababu hayana jumba la kifalme wala kutoroka. Lakini yanaonyesha kwamba hakukaa Beirut kama mgonjwa anayeota jua. Alitembelea watu, alisikiliza, aliuliza maswali.

Wengine wa ukoo wake nao walizeekea ugenini, ingawa si kwa kupenda. Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha usultani kwa siku mbili mwaka 1896, aliishi Dar es Salaam chini ya Wajerumani, akakamatwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akahamishwa Shelisheli na St. Helena, na akafia Mombasa 1927. Ali bin Hamud alijiuzulu mwaka 1911 akafia Paris mwaka 1918. Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho, aliondolewa na Mapinduzi ya Januari 1964, akaishi Portsmouth, kwenye pwani ya baridi ya Uingereza, zaidi ya nusu karne kabla ya kuruhusiwa kuhamia Omani mwaka 2020. Katika orodha hiyo Emily ndiye peke yake aliyejichagulia pwani yake.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1914 aliiacha Beirut. Vita Kuu ilianza mwaka huohuo, na Dola la Osmani likaingia vitani upande wa Ujerumani. Lebanoni ilipatwa na nzige, kuzingirwa baharini na njaa kali iliyoua watu wengi sana kati ya 1915 na 1918, kwa hiyo kuondoka kwake kulimwepusha na mengi. Alienda kukaa na Rosalie na mume wake huko Bromberg, katika mkoa wa Posen wa Prussia. Alikuwa na miaka 70, na alirudi kwenye baridi aliyoikimbia.

Baada ya vita Bromberg ilipewa Polandi (leo ni Bydgoszcz), na familia ya Troemer ikahamia Jena. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati wa Sultani Khalifa bin Harub, alipewa hatimaye pensheni ndogo kutoka Zanzibar, paundi 100 kwa mwaka. Kilikuwa kiasi kidogo kwa binti wa Said bin Sultan. Lakini mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ilianguka hata mkate ukauzwa kwa mabilioni ya marki, na mtu mwenye paundi chache za Kiingereza alikuwa na nafuu kuliko majirani zake. Pensheni ilimkuta akiwa na karibu miaka 80, baada ya nusu karne ya kudai.

Alifariki kwa homa ya mapafu huko Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mume wake. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa ufukwe wa Unguja, nao ulizikwa pamoja naye. Kama mchanga huo aliuchukua 1866, 1885 au 1888, ulisafiri naye kupitia Jaffa, Beirut na Bromberg.

Maandishi

Kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilitolewa Berlin 1886 katika juzuu mbili, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1888. Mara nyingi hutajwa kuwa tawasifu ya kwanza inayojulikana kuandikwa na mwanamke Mwarabu. Kwa historia ya Zanzibar ni chanzo kisicho na mfano: hakuna mwingine aliyeeleza kutoka ndani jinsi watu walivyokula, walivyovaa, walivyouguza wagonjwa, walivyosherehekea Idi na walivyolea watoto katika majumba ya Said bin Sultan.

Barua zake kuhusu maisha ya Ujerumani, nyongeza ya kumbukumbu zake na maelezo ya desturi za Syria vilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1993 na mtaalamu Mholanzi E. van Donzel, kutoka hati zilizohifadhiwa Leiden. Hati hizo zilitoka katika maktaba ya mwanawe, Rudolph Said-Ruete (1869–1946), ambaye aliandika pia maisha ya babu yake Said bin Sultan, kitabu kilichotolewa 1929. Rudolph alikuja kuwa raia wa Uingereza. Antonie alitoa mwaka 1907 kitabu cha mapishi kwa ajili ya Wajerumani walioishi nchi za joto.

Mtazamo wake juu ya utumwa

Katika kumbukumbu zake Emily alitetea utumwa wa nchi za Mashariki, akidai kwamba ulikuwa mwepesi kuliko ule wa Marekani na kwamba kuukomesha ghafla kungeleta uharibifu. Aliandika pia juu ya Waafrika kwa namna inayomuudhi msomaji wa leo, na ni haki kuudhika. Alikuwa mtoto wa watu wenye mashamba. Karafuu za Kizimbani zilichumwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 chini ya Barghash, ndugu aliyemnyima urithi, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Mama yake mwenyewe alifika Unguja kama mtoto aliyetekwa na kuuzwa, na Salme anasimulia mkasa huo katika kitabu hichohicho bila kuuona kuwa unapingana na utetezi wake.

Kumbukumbu

Mjini Zanzibar jumba la makumbusho lililoko kwenye jumba la zamani la masultani, Forodhani, lilitenga chumba maalumu kwa ajili yake, na makumbusho madogo yenye jina la Princess Salme yalifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2015. Magofu ya Mtoni alikozaliwa bado yapo ufukweni.

Huko Hamburg uwanja mmoja ulipewa jina lake mwaka 2019. Baada ya malalamiko kuhusu aliyoyaandika juu ya utumwa, halmashauri ya wilaya iliamua mwaka uliofuata kuliondoa jina hilo.